Batman ya tatu: shemeji alisubiri miaka minne, wewe hukusubiri hata usiku mmoja

Swali: "Shikamoo kaka. Wikendi iliyopita nimeangalia filamu zote tatu za Batman za Christopher Nolan mfululizo, na ya tatu, The Dark Knight Rises, imenigusa kuliko zote. Shemeji yangu aliiona ilipotoka 2012. Yeye anasema hiyo ndiyo iliyoharibu kazi nzima, na hataki hata kuirudia. Tumebishana mpaka dada akaingilia. Nani kati yetu ameona sawa? Na je, nijiandae kuvunjika moyo na ile ya tatu ya Spider-Verse ninayoisubiri?"

Marahaba, mdogo wangu. Msalimie shemeji, na mwambie hajakosea kwa kila kitu. Mliyoiona ni filamu ile ile, dakika 164 zile zile, lakini yeye aliingia ukumbini na filamu nyingine kichwani, aliyokuwa akiitunga tangu Julai 2008. Wewe hukupata muda wa kutunga chochote. Ya pili ilipoisha ulibonyeza kitufe tu, ya tatu ikaanza.

Kila ninapoulizwa kuhusu filamu ya kufunga mfululizo, huwa natenganisha mambo mawili. Kuna ahadi ambazo filamu zenyewe zimetoa, kwa maneno ya wahusika na kwa namna kila moja ilivyoishia. Halafu kuna oda za mashabiki: adui tunayemtaka, pambano tunalolisubiri, nani afe na nani arudi. Ahadi ni deni. Oda si deni, hata ikirudiwa na watu milioni. Shemeji yako ana madai ya aina zote mbili, na ameyachanganya kwenye mfuko mmoja. Nayachambua hapa chini, na sitaficha mwisho wa filamu yoyote ninayoitaja.

Kwanza uelewe 2008 ilikuwaje. Batman Begins ya 2005 ilikuwa imeingiza kama dola milioni 370 duniani kote, pesa nzuri lakini si ya kutikisa mji. The Dark Knight ikavuka dola bilioni 1. Heath Ledger, aliyecheza Joker, alikuwa amefariki Januari mwaka huo akiwa na miaka 28, kabla filamu haijatoka, na mwaka uliofuata akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora. Filamu yenyewe haikuteuliwa kugombea tuzo ya filamu bora, na kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba Academy, taasisi inayotoa Oscar, ilipopanua orodha ya wagombea kutoka watano hadi kumi, wengi waliona Batman ndiye chanzo. Kuanzia hapo mashabiki hawakuwa wanangoja tu muendelezo wa hadithi. Walikuwa wanangoja ushindi wa rufaa.

Nolan mwenyewe alisita. Mwaka huo huo wa 2008 aliuliza hadharani ni filamu ngapi nzuri za tatu ambazo watu wanaweza kuzitaja, kisha akaenda kutengeneza Inception kwanza. Swali lake halikuwa la maringo. Wakati huo kulikuwa na majeraha mawili mabichi.

Jeraha la kwanza ni X-Men: The Last Stand ya 2006. X2, ya pili, ilikuwa imeishia kwa Jean Grey, mmoja wa mashujaa, kuzama ziwani, na chini ya maji kukaonekana kivuli cha ndege wa moto. Kila aliyesoma vitabu vya katuni alijua maana yake: hadithi ya Phoenix inakuja, Jean akirudi na nguvu za kutisha. Hiyo ilikuwa ahadi, tena ya wazi. Lakini mwongozaji Bryan Singer aliondoka kwenda kutengeneza Superman Returns, Matthew Vaughn akapokea kijiti na kukiacha, na kazi ikamwangukia Brett Ratner. Hadithi ya Phoenix ikabanwa pamoja na hadithi nyingine kabisa, ya dawa ya kuwaondolea wahusika nguvu zao, ndani ya filamu isiyofika hata saa mbili. Jean, aliyesubiriwa miaka mitatu, anatumia sehemu kubwa ya filamu akiwa amesimama kimya pembeni ya Magneto, adui mkuu. Cyclops, mpenzi wake, anauawa mapema bila hata kuonyeshwa akifa. Pesa iliingia kuliko X2. Deni halikulipwa.

La pili ndilo linalofundisha zaidi, kwa sababu pale mashabiki walipewa oda yao. Spider-Man 2 iliishia kwa Harry Osborn kugundua chumba cha siri cha baba yake nyuma ya kioo. Rafiki wa karibu kabisa wa Peter, yaani Spider-Man, sasa ana silaha na ana kisasi. Ukiwa mwandishi, filamu yako ya tatu umeshaandikiwa nusu. Sam Raimi alikuwa na Harry, akamwongeza adui Sandman, na hapo angeweza kutosheka. Lakini mashabiki walikuwa wakimlilia Venom, adui mwingine wa katuni, kwa miaka, na mtayarishaji Avi Arad akamshawishi Raimi amwingize, ingawa Raimi hakuwa akimpenda mhusika huyo. Sasa angalia kilichotokea kwa deni la Harry. Mwanzoni tu mwa filamu anagonga kichwa na kupoteza kumbukumbu! Kisasi kilichojengwa kwa filamu mbili kinawekwa kabatini kwa muda mrefu ili kupisha wageni, kisha kinatolewa kikiwa kimepoa. Venom mwenyewe alikuja kupata dakika chache za mwisho. Walioagiza hawakushiba na waliokuwa wakidai hawakulipwa. Filamu iliingiza karibu dola milioni 890, zaidi ya kila moja ya zile mbili za kwanza, na bado Raimi alikuja kukiri miaka baadaye kwamba haikuwa nzuri, kwa sababu hakuwaamini wahusika wote aliowaweka. Ndiyo maana ukinitajia mapato kama ushahidi wa filamu ya tatu nzuri, sisikilizi. Wikendi ya kwanza ya filamu ya tatu hulipiwa na filamu ya pili.

Basi rudi kwa shemeji. Kati ya 2008 na 2012 alikuwa akiishi ndani ya uvumi. Adui atakuwa Riddler, walisema, na majina ya waigizaji yakapangwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Hollywood. Oktoba 2010 Nolan akatangaza jina la filamu na kusema Riddler hayumo. Januari 2011 ikajulikana kwamba Tom Hardy ni Bane, adui mkuu, na Anne Hathaway ni Selina Kyle, yaani Catwoman. Miezi michache baadaye Marion Cotillard akatajwa kama Miranda Tate, mjumbe wa bodi ya kampuni ya Wayne, na mashabiki wakacheka: huyo ni Talia, binti wa Ra's al Ghul, adui wa Batman Begins, hata msitudanganye. Walikuwa sahihi. Wakasema pia yule polisi kijana wa Joseph Gordon-Levitt ana jambo na Robin, msaidizi wa Batman kwenye katuni. Hapo nako hawakuwa mbali.

Waza maana yake kwa mtazamaji. Ufunuo wa Talia unakuja karibu na mwisho, na filamu imeutegemea kama kisu mgongoni. Wewe ulishtuka, sivyo? Shemeji alikuwa amekaa zaidi ya saa mbili akimtazama mwanamke yule na kungoja avue kinyago. Kila tukio lake la mapenzi na Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, alilisoma kama hila. Siwezi kusema filamu ilimkosea kwa hilo. Ila nadhani Nolan alipaswa kujua kwamba umma wa 2012 hauwezi kufichwa binti ya adui wa filamu ya kwanza, na kwamba mhusika ambaye thamani yake yote iko kwenye kushtukiza hubaki mtupu kwa asiyeshtuka. Tukio lake la kufa, unalikumbuka, linachekesha hata kwa asiyejua kitu.

Uvumi haukuwa wa maneno tu. Walipopiga picha Pittsburgh kiangazi cha 2011, pambano la Batman na Bane lilikuwa barabarani mchana kweupe, na watu wakalirekodi kwa simu na kulirusha. Kwenye uwanja wa mpira wa mji huo maelfu ya wakazi walikaa na makoti ya baridi kwenye jua la Agosti ili waonekane kwenye tukio la uwanja kulipuka. Hans Zimmer naye akawaomba mashabiki wajirekodi wakiimba ule mwito unaosikika shimoni, na sauti zao zikaingia kwenye muziki wa filamu. Mtu ambaye sauti yake imo ndani ya filamu hawezi tena kuwa mtazamaji wa kawaida. Amekuwa mbia, na mbia hudai gawio.

Desemba 2011 dakika za mwanzo zikaonyeshwa kwenye kumbi za IMAX kabla ya filamu nyingine, na watu wakatoka wakilalamika kwamba hawamwelewi Bane anasema nini nyuma ya kile kinyago. Sauti ikarekebishwa kiasi kabla ya filamu kutoka. (Kwa walioiona kwenye kibanda umiza, mtafsiri akiwa amefunika sauti zote na yake, malalamiko haya hayakuwahi kuwa na maana. Bane wao alisikika vizuri sana, pengine na utani juu.)

Tulipofika Julai 2012 mambo yalikuwa yamechacha. Wahakiki wa kwanza waliothubutu kuipa filamu alama mbaya walitukanwa na kutishiwa maisha, mpaka tovuti ya Rotten Tomatoes ikafunga sehemu ya maoni ya filamu hiyo, siku chache kabla haijaingia kwenye kumbi. Waliotishia walikuwa hawajaiona bado. Walikuwa wakiitetea ile ya kichwani. Kisha usiku wa kwanza wa maonyesho, Julai 20, mtu mwenye bunduki aliua watu 12 ndani ya ukumbi wa sinema huko Aurora, Colorado. Sipendi kulitaja jambo hilo kama kipengele cha uhakiki, lakini aliyeiangalia filamu wiki ile alikaa gizani na habari hiyo kifuani. Wewe hukuwa nayo.

Hayo ni mazingira. Sasa tuje kwenye madai yenyewe.

Oda kubwa kuliko zote ilikuwa kifo. Sisi tumekua na usemi kwamba stelingi hafi, na tukiona dakika zinakwenda tunajua atafufuka tu kutoka popote. Safari hii ilikuwa kinyume. Bango lilionyesha kinyago cha Batman kimevunjika chini na Bane akiondoka zake, na maneno yakisema kwamba hekaya inafika mwisho. Wasomaji wa katuni walijua kwamba Bane ndiye aliyemvunja Batman mgongo kwenye kurasa za 1993. Kwa hiyo mashabiki walikwenda kwenye mazishi. Walishapanga namna ya kulia. Halafu Alfred, mtumishi aliyemlea Bruce, anainua macho mgahawani Florence, na Bruce yupo hai, na Selina mezani. Wengi walihisi wamedhulumiwa msiba wao. Mpaka leo wapo wanaodai lile tukio ni ndoto ya Alfred, ingawa filamu imeweka ushahidi mezani: rubani wa kujiendesha wa ile ndege alikuwa amesharekebishwa na Bruce mwenyewe miezi kadhaa nyuma, na mkufu wa lulu za mama yake haupatikani kwenye orodha ya mali.

Kifo kilikuwa oda. Filamu haikukiahidi. Ilichoahidi, mapema kabisa katika hiyo hiyo ya tatu, ni matumaini ya Alfred: kwamba siku moja atamwona Bruce mbali na Gotham, hawatasemeshana, na atajua kijana wake amepona. Deni likalipwa senti kwa senti. Hapa shemeji hana kesi.

Ana kesi kwingine, na ni kesi nzito. Kumbuka The Dark Knight inavyoisha. Batman amebeba makosa ya Harvey Dent, mwendesha mashtaka shujaa aliyegeuka muuaji, Gordon mkuu wa polisi anavunja taa ya ishara, mbwa wanaachiliwa, na mtoto anaambiwa kwamba mtu huyu atawindwa kwa sababu anaweza kuvumilia kuwindwa. Hakuna mwisho ulio wazi kuliko huo katika kuahidi filamu inayofuata: polisi wote dhidi ya mlinzi wao, usiku baada ya usiku. Kisha The Dark Knight Rises inaanza, miaka minane imepita, na tunaambiwa Batman hakuonekana tena tangu usiku ule ule. Hakuwindwa. Alikwenda nyumbani akafuga ndevu na kushika mkongojo. Dhabihu tuliyoitazama kwa machozi 2008 ilidumu kwa muda wa kuendesha pikipiki kutoka pale mpaka kasri la Wayne. Nimewahi kusikia utetezi mwingi wa uamuzi huo, na baadhi yake una akili, lakini ahadi ilitolewa na haikutekelezwa. Kwako jambo hili lilipita haraka kwa sababu hukupata muda wa kuuwaza ule uwindaji. Yeye aliuwaza miaka minne.

Na lipo lingine ambalo watu hulitaja mara chache. Katika ya pili, wananchi wa Gotham walikuwa na sauti. Kwenye zile feri mbili, wafungwa upande mmoja na raia upande mwingine, wao ndio walioamua kwamba Joker ameshindwa. Katika ya tatu Bane anausomea mji hotuba iliyoandikwa na Gordon inayofichua uongo kuhusu Dent, uongo uliojaza gereza la Blackgate, na nilingoja nione mama mmoja, dereva mmoja, muuza duka mmoja akipokea habari ile. Hakuna. Mji unafungiwa miezi mitano na watu wake wanatoweka majumbani, wanabaki polisi na majambazi wakipigana ngumi barabarani. Hilo linaniuma kuliko askari wote kutumwa chini ya ardhi kwa mkupuo, au Bruce kurudi kwenye mji uliofungwa bila kutuambia alipitaje. Makosa ya namna hiyo mtazamaji aliyekolea huyasamehe. Kuwasahau watu wa Gotham ni kuisahau ya pili.

Kuhusu Joker kutotajwa hata kwa jina, nisingemdai Nolan kitu. Alikaa kimya kwa heshima ya marehemu, na kimya hicho kinasikika.

Upande wako sasa. Filamu ya tatu haikufunga hadithi ya The Dark Knight. Ilifunga ya Batman Begins, na hapa ndipo wikendi yako ilipokusaidia. Uliona mtoto Bruce akianguka kisimani, baba yake akishuka na kamba kumtoa na kumwambia kwamba tunaanguka ili tujifunze kuinuka, na siku hiyo hiyo au kesho yake ukamwona mtu mzima Bruce ndani ya gereza la shimo, akishindwa kupanda kila anapofungwa kamba kiunoni, na kufaulu siku anapoiacha. Kamba ya baba ndiyo anayoiacha pale. Kwenye ya kwanza alimwambia Alfred, ndani ya ndege, kwamba mtu anaweza kuangamizwa lakini ishara haiwezi. Mwishoni Blake, yule polisi kijana wa Gordon-Levitt, yatima asiye na mali wala jina, anaingia pangoni. Kundi la Ra's lililotaka kuangamiza Gotham linarudi kumaliza kazi. Kila uzi uliofungwa mwisho ulianzia 2005. Shemeji alikuwa ameiona Batman Begins miaka saba nyuma, na katikati yake alikuwa ameiona Joker mara nyingi sana. Alidai malipo ya filamu isiyokuwa mkopeshaji mkuu.

Kwa hiyo hukumu yangu, ukiilazimisha: wewe uko karibu zaidi na filamu iliyopo, na yeye ana haki kwenye ule uwindaji ulioyeyuka. Akikubali kuirudia, aanze na Batman Begins na asikae zaidi ya siku mbili kati ya moja na nyingine.

Usidhani pia kwamba oda ikitimizwa lazima iharibu. Spider-Man: No Way Home ya 2021, ya tatu ya Tom Holland, ilikuwa oda tupu. Watu walitaka Tobey Maguire na Andrew Garfield warudi. Garfield akakana kila alipoulizwa, na kwenye trela iliyotoka Brazil mashabiki wakaona adui mmoja, yule mjusi, akipigwa teke na hewa, wakajua kuna mtu amefutwa kwenye picha. Walipotokea, kumbi zililipuka. Lakini kilichoibeba si kutokea kwao. Garfield anaruka na kumdaka MJ, mpenzi wa Spider-Man wa Holland, anayeanguka, na uso wake unavunjika, kwa sababu kwenye filamu yake ya 2014 alichelewa kumdaka mpenzi wake Gwen, na mfululizo wake ukakatwa kabla hajapata ya tatu. Ile ilikuwa ahadi ya watu wengine, imelipwa na filamu ya watu wengine. Ndiyo njia pekee ninayoijua ya kutimiza oda bila kuuza hadithi.

Spider-Verse, basi. Across the Spider-Verse ilitoka Juni 2023 na kukatika katikati, ya tatu ikatangazwa kwa Machi 2024, ikaahirishwa, na sasa imepangwa 2027. Miaka minne, sawasawa na ya shemeji. Uko kwenye mtego ule ule, kwa hiyo andika deni lako mapema kabla uvumi haujakuchanganya. Miles, Spider-Man kijana wa mfululizo huu, amefungwa kwenye dunia nyingine ambako baba yake ameshakufa na Miles wa huko ndiye Prowler, mhalifu. Ameambiwa na Miguel, kiongozi wa Spider-Man wa dunia mbalimbali, kwamba kapteni wa polisi aliye karibu na Spider-Man lazima afe, na baba yake yuko mbioni kuwa kapteni. Baba yake Gwen, rafiki wa Miles na Spider-Man wa dunia yake (si yule Gwen wa Garfield), ameacha kazi ya polisi, na hiyo ni dalili kwamba kanuni ya Miguel inaweza kuvunjika. Adui, The Spot, ameapa kumnyang'anya Miles kila kitu. Hayo ndiyo madeni. Kama Tom Holland ataonekana, kama Spider-Man fulani wa zamani atapita, ni oda, na zipokee kama zawadi zikija. Ukifika ukumbini 2027 ukaona Miles amegonga kichwa na kusahau kila kitu, au baba yake ameokolewa na bahati huku sisi tukipigia makofi wageni, hapo hata mimi nitahamia upande wa shemeji.